Uhuru wa gazeti upimwe pia kwa nauli ya mwandishi wa wilayani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu nilipostaafu. Tumezoea kuuzungumzia uhuru wa vyombo vya habari kama jambo la sheria, leseni na mahakama, na ni kweli mambo hayo ni mazito. Lakini kwa sisi tulioishi na kufanya kazi wilayani, uhuru huo huanza au hufa mahali padogo zaidi, yaani katika swali la nani aliyemlipia mwandishi nauli. Nimekuwa mkaguzi wa ndani katika halmashauri za wilaya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya utumishi, na haya ninayoyaandika nimeyaona nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza, upande wa wanaoulizwa.

Katika halmashauri moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa wahusika hawakufikishwa popote wakapata kujitetea, kijiji kilicho umbali wa kama kilomita 60 kutoka makao makuu ya wilaya kilikuwa kinajenga zahanati. Wananchi walisomba mawe na mchanga, wakafyatua tofali, wakapandisha boma hadi usawa wa lenta, na halmashauri ikabaki na jukumu la kuleta saruji, nondo na mabati. Vocha ya malipo niliyoikuta ilionyesha mifuko 420 ya saruji, ikiwa imeambatishwa hati ya kupokelea vifaa iliyotiwa saini na mtunza bohari katika tarehe ambayo, kwa mujibu wa jalada lake binafsi, alikuwa likizo. Niliiandika hoja hiyo katika taarifa yangu ya robo mwaka. Robo iliyofuata niliirudia, na iliyofuata tena vilevile, na kila mara majibu ya menejimenti yalikuwa sentensi moja tu, kwamba jalada la mradi linatafutwa na hoja itajibiwa litakapopatikana. Msomaji asiyeujua mfumo wetu aelewe kwamba mkaguzi wa ndani huripoti kwa mkurugenzi, ambaye ndiye ofisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha zinazokaguliwa. Nakala ya taarifa hupanda ngazi za juu, lakini mkaguzi mwenyewe hubaki palepale, akiomba gari la kwenda kukagua kwa mtu huyohuyo na kusainiwa likizo na mtu huyohuyo.

Siku moja taarifa ya utekelezaji wa miradi ilisomwa katika kikao cha Baraza la Madiwani, ambacho kwa kawaida huwa wazi kwa wananchi, na ndani yake ikatajwa mifuko ile 420. Nyuma ya ukumbi alikuwapo kijana mmoja aliyekuwa akiliandikia gazeti la kila siku kutoka wilayani kwetu. Niliona akiinamia daftari lake na kuandika, na baada ya kikao akamfuata diwani wa kata ile kumuuliza zahanati yenyewe iko kijiji gani. Siku chache baadaye alipanda bodaboda akaenda. Huko kijijini katibu wa kamati ya ujenzi, mama mmoja mkulima, alimtolea daftari la shule lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe, ambamo alikuwa ameandika kwa mkono wake kila shehena iliyofika: tarehe, namba ya gari, idadi ya mifuko na saini ya dereva. Jumla yake ilikuwa mifuko 180. Yule kijana alirudi, akampigia mkurugenzi simu kuomba maelezo, na habari ikatoka ukurasa wa ndani, haizidi mistari kumi na miwili, ikiwa na takwimu zote mbili na ahadi ya mkurugenzi kwamba angefuatilia. Haikuwa na neno ufisadi wala neno wizi. Saa mbili asubuhi simu ililia kutoka mkoani. Kabla ya adhuhuri jalada lililotafutwa kwa miezi tisa lilikuwa juu ya meza yangu, na mwezi haukuisha gari la saruji likapandisha kwenda kijijini.

Nimekitafakari kisa hicho mara nyingi kwa sababu kilinifundisha kitu ambacho vitabu vya uhasibu havikunifundisha. Mimi nilikuwa na vocha. Yule mama alikuwa na daftari. Karatasi hizo mbili zilikuwa zimekaa kwa miezi tisa, kila moja ikisema kweli yake, na wizi wote ulikuwa umejificha katika zile kilomita 60 zilizozitenganisha. Serikali ilikuwa na wakaguzi, ilikuwa na Baraza, ilikuwa na kamati ya fedha na ofisi ya wilaya ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na bado hakuna aliyeziweka karatasi hizo pamoja mbele ya watu mpaka mwandishi mmoja alipofunga safari. Ndiyo maana siwaelewi watu wanaosema kwamba tukiwa na vyombo imara vya ukaguzi, magazeti ni nyongeza tu. Ukaguzi huishia kwenye ripoti, na ripoti ikishasomwa na wale wale inaowahusu, hoja inaweza kujibiwa kwa sentensi moja miaka nenda miaka rudi.

Jambo hilohilo lilitokea kwa kiwango cha taifa, na wasomaji wa umri wangu hawajalisahau. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, nchi ikaingia katika mgawo wa umeme, na mkataba wa kuzalisha megawati 100 za dharura ukapewa kampuni ya Richmond. Mitambo ilipochelewa magazeti yalianza kuuliza kampuni hiyo ni ya nani na imewahi kufua umeme wapi. Mwaka 2007 chombo cha kupambana na rushwa kilichunguza na kutangaza kwamba hakikuona rushwa katika mkataba ule. Kwa utaratibu wa kiofisi jambo lingekuwa limekwisha, funika kombe, na pengine leo hakuna ambaye angelikumbuka jina la Richmond. Magazeti hayakunyamaza. Wabunge nao hawakunyamaza, na mwezi Novemba mwaka huohuo Bunge likaunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Dk. Harrison Mwakyembe, ambayo ilibaini kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo wala uzoefu wa kazi iliyopewa. Februari 7, 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu, wakafuata mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, na Rais Kikwete akalivunja Baraza la Mawaziri. Ni haki niseme pia kwamba marehemu Lowassa alililalamikia Bunge kuwa kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa, na kwamba hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa jambo hilo. Ninachokitazama hapa ni ule muda wa katikati, kati ya siku chombo cha serikali kiliposema hakuna kitu na siku kamati ya Bunge iliposema kipo, kwa sababu katika kipindi hicho swali liliwekwa hai na watu waliokuwa wakilirudia hadharani, na magazeti yalikuwa mstari wa mbele katika kulirudia.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa fedha za EPA, akaunti ya madeni ya nje, zile shilingi bilioni 133 zilizolipwa kwa kampuni 22 kutoka Benki Kuu katika mwaka wa fedha wa 2005/06, na ndivyo ilivyokuwa kwa akaunti ya Tegeta Escrow, iliyoshika fedha za umeme zilizokuwa na mgogoro, mwaka 2014, ambapo habari zilianza kuchapishwa miezi kadhaa kabla Kamati ya Hesabu za Serikali haijaleta taarifa yake bungeni mwezi Novemba. Sitazirefusha habari hizo, zimeandikwa sana.

Afadhali nikumbushe gharama iliyolipwa, kwa kuwa vijana wetu wanadhani magazeti yaliyafanya hayo kwa urahisi. Januari 2008, mwezi mmoja tu kabla ya Waziri Mkuu kujiuzulu, watu walivamia ofisi za gazeti la MwanaHALISI, wakammwagia mhariri Saed Kubenea kemikali usoni na kumkatakata Ndimara Tegambwage aliyekuwa naye. Gazeti hilo lilifungiwa mwaka 2012 kwa muda usiojulikana, likafungiwa tena mwaka 2017 kwa miezi 24. Mwaka 2013 Mwananchi lilifungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilipoondoka ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, ambayo Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha ilisema Machi 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Februari 2022 magazeti manne, likiwamo hilo la MwanaHALISI, yalirudishiwa leseni, na mwaka uliofuata sheria ikafanyiwa marekebisho. Nilizifurahia hatua hizo na ninazipongeza kwa moyo mweupe. Hata hivyo leseni iliyotolewa kwa hisani ya waziri mmoja inaweza kuchukuliwa kwa hasira ya waziri mwingine, na hilo linamfanya mhariri wa Dar es Salaam afikirie mara mbili kabla ya kuipa nafasi habari ya saruji ya kijijini.

Lakini tazama, Ndugu Mhariri, ni akina nani katika taaluma yenu waliopotea kabisa. Daudi Mwangosi, aliyeuawa Nyololo, Mufindi, Septemba 2, 2012 akiwa kazini mbele ya askari polisi, alikuwa mwandishi wa mkoani, tena mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Iringa. Azory Gwanda, ambaye hajaonekana tangu Novemba 2017, alikuwa akiripoti kutoka Kibiti kama mwandishi wa kujitegemea. Hawakuwa wakifuatilia habari za saruji wala za mikataba. Mmoja alikuwa katika shughuli ya chama cha siasa, mwingine alikuwa ameandika juu ya mauaji yaliyokuwa yakitokea katika eneo lake. Ninawataja kwa sababu mwandishi wa wilayani anaishi katika mji mdogo ambamo kila mtu anajua nyumba yake, anajua mtoto wake anasoma wapi, na hana geti wala wakili wa kampuni nyuma yake. Yeye ndiye aliye karibu zaidi na ukweli na ndiye mwenye kinga ndogo kuliko wote.

Na ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Hapa narudi kwa yule kijana wa bodaboda. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba alikuwa akilipwa kwa habari iliyochapishwa, kwamba malipo ya mistari ile kumi na miwili yalikuwa madogo kuliko nauli aliyoitumia kwenda na kurudi, na kwamba yalimfikia baada ya miezi minne. Hakuwa na mkataba, hakuwa na bima. Kama mwaka mmoja hivi baada ya tukio lile, ilipita mezani kwangu vocha ya posho za waandishi waliofuatana na msafara wa viongozi kukagua miradi, ikiwa imewekwa katika kasma, yaani fungu la bajeti, ya uhamasishaji, na kwenye orodha ya waliosaini nililiona jina lake. Vocha ilikuwa na viambatisho vyote, sikuwa na sababu ya kihasibu ya kuikataa, nikaipitisha. Tangu siku hiyo habari zake zilianza kwa maneno ya aina moja: mkurugenzi amewataka wananchi, mkuu wa wilaya amewapongeza watumishi, halmashauri imevuka lengo la makusanyo. Lengo la makusanyo lilikuwa limevukwa kwa takwimu za karatasini, kwa maana sehemu ya mapato ilikuwa ikitumika ikiwa fedha mbichi kabla haijafika benki, na yeye alikuwa na uwezo wa kuligundua hilo kwa siku mbili za kuuliza mawakala wa ushuru sokoni. Hakuuliza. Alikuwa amepanda gari la halmashauri, amekula chakula cha halmashauri, na jioni alikuwa na mtoto wa kumnunulia dawa.

Nimesikia watu wakiwalaumu waandishi wa namna hiyo kwa maneno makali, wakiwaita waganga njaa. Mimi sithubutu, kwa kuwa vocha niliipitisha kwa mkono wangu, na kwa kuwa najua kwamba kalamu ile haikununuliwa siku ya posho. Ilikuwa imeshaachwa peke yake siku gazeti lilipochapisha habari yake na kushindwa kumrudishia nauli. Adui wa uhuru wa habari wilayani hahitaji kumfungia mtu leseni. Anahitaji tu kuwa ndiye mwenye gari, mafuta na bahasha, na kusubiri.

Najua mtasema hali ya biashara ni ngumu, nakala haziuziki kama zamani, na watu wanasoma kwenye simu bila kulipa. Nayakubali hayo yote. Lakini najua pia kwamba chumba cha habari hupanga bajeti yake kwa kuchagua, na kwamba kurasa nyingi za magazeti yetu hujazwa na mikutano ya waandishi wa habari katika hoteli za mjini, ambayo haimgharimu mhariri kitu kwa kuwa mwenye mkutano ndiye anayelipa. Habari ya bure inalipiwa na mtu, na mara nyingi aliyeilipia ndiye iliyopaswa kumchunguza.

Sisemi kwamba mwandishi akiwa na nauli atakuwa sahihi siku zote. Nimeona pia upande wa pili wa shilingi. Mweka hazina mmoja niliyefanya naye kazi, mtu mwadilifu kwa kadiri nilivyomkagua, aliandikwa na gazeti moja kuwa amekula fedha za madawati, kwa ushahidi wa barua isiyo na jina iliyoandikwa na mtumishi aliyenyimwa safari. Hakupigiwa simu kuulizwa. Kusahihisha kulichukua wiki tano na kukawekwa pembeni mwa ukurasa wa matangazo madogo, wakati tuhuma zilikuwa ukurasa wa kwanza. Kila gazeti linapofanya hivyo huwapa wala rushwa halisi hoja ya kujitetea nayo, na kumwongezea waziri sababu ya kuishika sheria mkononi. Ile habari ya saruji ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikuwa na takwimu mbili na sauti mbili, na hakuna aliyeweza kuikanusha.

Nyenzo za kuifanya kazi hiyo zipo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na ile ya 27 inamtaka kila mtu alinde mali ya umma. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka mwenye taarifa kwa upande wa Tanzania Bara ajibu ombi ndani ya siku 30. Katika utumishi wangu wote baada ya sheria hiyo kupita sikuona hata ombi moja la maandishi kutoka kwa mwandishi wa habari, na nadhani wengi hawajui kwamba linawezekana. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, na hapo ningependa Bunge litazame tena, kwa kuwa mtumishi ambaye mamlaka husika ndiye mkubwa wake mwenyewe hana pa kwenda. Na kila mwezi Aprili ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwekwa mezani bungeni kwa mujibu wa Ibara ya 143, ikiwamo ile ya serikali za mitaa. Magazeti huipamba kwa wiki mbili, yakichukua tarakimu kubwa za kitaifa, kisha yanahamia kwingine. Mwezi Juni huwezi kukuta mtu anauliza ile hoja ya halmashauri fulani, iliyotajwa kwa jina na kiasi, imeishia wapi. Wakurugenzi wanaijua kalenda hiyo vizuri sana. Niliwahi kumsikia mmoja akiwatuliza wakuu wa idara zake kwamba wavumilie mpaka bajeti ianze kusomwa, kwani baada ya hapo hakuna atakayekumbuka.

Ombi langu kwako ni kwamba gazeti lako lichague halmashauri chache tu, hata tano, liwape waandishi wake wa huko mkataba na malipo ya kila mwezi, liwakataze kupanda magari ya wale wanaowaandika, na liwaache waifuatilie ripoti moja ya mwaka mmoja, hoja kwa hoja, kwa miezi kumi na miwili. Wasitafute vigogo. Waende kwenye zahanati, kwenye kisima, kwenye bweni la wasichana ambalo vitabu vinasema limekamilika, wakaombe kuona daftari la kamati. Nina hakika karibu kila kijiji kina mtu kama yule mama, aliyeandika kila kitu kwa mwandiko wake na kulifunga daftari ndani ya plastiki, akisubiri mtu wa kumuuliza.

Ikiwa halmashauri yetu itakuwa miongoni mwa hizo, mwandishi wako anitafute. Macho yangu bado yanaona tarakimu vizuri. Nitakaa naye mezani, tufungue ripoti, nimwonyeshe jedwali kwa jedwali mahali ambapo mimi ningeanza kuuliza kama ningekuwa yeye. Nauli ya kumfikisha kwangu, na kumtoa kwangu hadi vijijini, nawaombeni muitoe ninyi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkaguzi wa ndani mstaafu,
Songea.